Nilihama kazi mara tatu na mazoea yaleyale

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka 7. Baada ya hapo nilipokea simu za malalamiko ya wateja kwa miezi 10, nikawa afisa rasilimali watu kwa miaka 5, na sasa nasimamia miradi ya programu za kompyuta. Kazi hizi hazifanani, lakini zote zimenikalisha mahali pamoja: katikati ya watu wasioelewana huku kazi ikisubiri.

Kila nilipohama niliambiwa nisiogope, kwa kuwa mtu anayejua kusuluhisha migogoro huenda na ujuzi wake popote. Ni kweli. Ila hakuna aliyenionya kwamba ujuzi hauhami peke yake. Unahama na mazoea, na mazoea yaliyokusaidia ulikotoka yanaweza kumwumiza mtu unakokwenda. Yangu yalimwumiza mtu. Nitamfikia, kwa sababu ndiye hasa aliyenifanya niandike haya.

Nianzie wodini. Ilikuwa saa moja asubuhi, wakati wa makabidhiano ya zamu. Mwenzangu aliyekuwa anamaliza usiku alisoma taarifa ya mgonjwa wa kitanda cha 4, akasema ameshapewa dawa ya maumivu. Nikatazama chati ya dawa. Nafasi ya alfajiri ilikuwa tupu, haina saa wala sahihi. Nyuma yetu walisimama wanafunzi watatu wa uuguzi. Nikasema, kwa sauti iliyofika vitanda vya mbali, "Wewe kila siku hutii sahihi. Sisi tutajuaje?"

Alinitazama. Akachomoa kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu, akaandika saa na kutia sahihi, akairudisha mfukoni mwangu, kisha akaendelea na kitanda cha 5 kana kwamba sikusema kitu.

Kwa wiki 6 baada ya siku ile alinikabidhi zamu kwa maneno ya kuhesabu: jina, kitanda, dawa, basi. Yale mambo madogo yasiyoandikwa popote hakuniambia tena. Kwamba mama wa kitanda cha pembeni anaogopa sindano na hutulia ukimshika mkono kwanza. Kwamba yule mzee husema haumwi hata akiwa anaumwa sana. Nikawa nayagundua mwenyewe, nimechelewa, na gharama wakaibeba wagonjwa.

Kisha nikasikia ilivyokuwa usiku ule. Alikuwa na wodi nzima na msaidizi mmoja tu, na alipomaliza kumdunga mgonjwa wa kitanda cha 4, wa kitanda cha 9 akaanza kutokwa damu. Alikimbia. Mimi nilikuwa nimeshapekua chati za wiki mbili nyuma nikitafuta ushahidi wa kujitetea, na nilichokikuta kilinifedhehesha: sahihi zake zote zilikuwepo. Ilikosekana moja tu. Ile "kila siku" yangu ilikuwa uongo.

Nilimwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, "Nisamehe kama nilikukwaza." Akajibu, "Hamna neno," na hakuna kilichobadilika. Mara ya pili nilimfuata chumba cha dawa, nikamwambia, "Dada, nilisema hutii sahihi kila siku. Nimeangalia chati, si kweli. Na kwa kuwa nilisema mbele ya wanafunzi, naomba nisahihishe mbele yao." Kesho yake asubuhi nikafanya hivyo. Jioni yake, kwenye makabidhiano, akaniambia kuhusu mgonjwa aliyekuwa akilia usiku kwa kumuwaza mtoto wake. Hapo nikajua tumerudiana.

Tangu hapo nina sheria mbili ambazo zimenifaa katika kila kazi. Radhi yenye neno "kama" ndani yake haifiki. Taja ulichosema, kisha ukirekebishe palepale uliposemea. Na unapolalamika, sema ulichokiona, siku na saa, uache tabia ya mtu pembeni. Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha namna ya kuzungumza bila kujeruhi, aliyapanga mazungumzo magumu katika hatua nne: ulichokiona, unavyojisikia, unachohitaji, unachoomba. Kwangu hatua ngumu ni ile ya kwanza. Tunadhani tunasema tulichokiona, kumbe tunasema hukumu tuliyokwisha kuitoa moyoni. "Chati haina sahihi ya saa kumi na moja alfajiri" ni kitu nilichokiona. "Hutii sahihi" ni hukumu.

Mbele ya daktari nilikuwa mtu mwingine kabisa. Kwa wenzangu nilipanda juu, kwa wakubwa nilijikunyata. Kuna siku daktari wa upasuaji aliandika amoksisilini kwa mgonjwa ambaye faili lake lilionyesha ana mzio wa penisilini. Dawa hizo ni za ukoo mmoja. Nilisema, "Daktari, sijui kama umeliona faili..." Alikuwa amekwisha kugeukia kitanda kingine. Nikabaki na sindano mezani na moyo ukinidunda. Nilikuwa nimesema na sikuwa nimesema.

Nikamfuata. "Daktari, nina wasiwasi. Mgonjwa huyu ana mzio wa penisilini, imeandikwa hapa. Siwezi kumpa amoksisilini. Naomba tubadilishe." Alisimama, akasoma, akabadilisha. Baadaye alinikaripia kwenye ujia kwa kumsimamisha mbele ya watu, nami sikujibu, kwa sababu jambo langu lilikuwa limekwisha.

Namna ile ya kusema sikuibuni. Tulifundishwa, na aliyetufundisha alianza na ajali ya ndege. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu, wakafa watu 583. Katika ndege iliyoanza kuruka bila ruhusa, mhandisi wa safari aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka kwenye njia. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kuwa imetoka. Mhandisi hakusisitiza. Mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha warsha kuhusu makosa ya namna hii, na kutoka hapo yakakua mafunzo yanayowafundisha wafanyakazi wa ndege wa ngazi ya chini kusema tena, kwa uwazi zaidi, pale swali la kwanza linapozimwa. Hospitali nyingi zikayachukua. Ngazi yake ni rahisi kukumbuka: nina wasiwasi, sijaridhika tuendelee, hili ni suala la usalama, tusimame. Nimeitumia ngazi hiyohiyo miaka mingi baadaye kumzuia mkurugenzi asiingize kwenye mfumo wa mteja programu ambayo haijajaribiwa. Maneno yalikuwa yaleyale, na jasho la mikononi lilikuwa lilelile.

Kuna chombo kimoja kilichonisaidia kujiona. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walitengeneza dodoso linaloonyesha mtu hukimbilia wapi anapogongana na mwenzake. Wana njia tano: kushindana, kushirikiana, kuafikiana nusu kwa nusu, kukwepa, na kukubali yaishe. Nilipojipima niliona ninashindana na wa ngazi yangu na kukubali yaishe kwa wakubwa. Hakuna njia mbaya kati ya hizo tano. Mgonjwa anapotokwa damu anayeamua aamue, huo si wakati wa kushirikiana. Ubaya ni kwenda njia moja bila kujua kwamba umeichagua.

Niliondoka wodini nikiwa nimechoka, kwa ukweli wote. Simu za malalamiko zilikuwa kazi ya kupumzikia, au nilidhani hivyo. Sitazieleza kwa urefu. Zilinifundisha kwamba mtu mwenye hasira hasikii suluhisho mpaka asikie kilio chake kikirudi kwake kwa maneno yake mwenyewe. Mteja akisema, "Nimepiga mara nne na kila mara naanza upya," usimwambie, "Naomba namba yako ya kumbukumbu." Mwambie, "Umepiga mara nne na kila mara umeanza upya," halafu nyamaza. Ukipata "ndiyo!" ya kupumua, hapo endelea. Nilijifunza pia kushusha sauti yangu kidogo chini ya yake na kungoja ashuke. Nikawa hodari wa kutuliza watu. Wakaninukuu kwenye mafunzo.

Na hapo ndipo hatari ilipoingia, kwa sababu niliichukua sifa hiyo ya kutuliza nikaenda nayo ofisi ya rasilimali watu.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo mpya, mwanamke mmoja wa idara ya hesabu alibisha mlango wangu karibu na saa ya kutoka. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kamba ya mkoba ameizungusha mkononi mara mbili. Kabla hajasema nikamwambia, kwa wema kabisa, "Usiwe na wasiwasi. Utakachoniambia kitabaki hapa."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Alianza kueleza kuhusu mkuu wake wa idara. Ujumbe wa usiku. Maneno kuhusu mwili wake. Kuitwa ofisini peke yake wenzake wakishaondoka. Kufikia nusu ya maelezo nilijua kwamba jambo hili haliwezi kubaki pale. Nilikuwa na wajibu wa kulifikisha. Nilikuwa nimempa ahadi ambayo nafasi yangu hainiruhusu kuitimiza.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nilimtuliza. Nilirudisha maneno yake, nikashusha sauti, nikangoja apumue. Alipopumua nikasema, "Unaonaje tukae watatu, tuzungumze kwa utulivu?" Hakusema ndiyo. Alisema, "Wewe ukiona ni sawa." Mimi nikasikia ndiyo.

Tulikaa watatu. Chumba kilikuwa na meza ya duara, na nilifurahi kuona ni ya duara. Mkuu wake aliongea vizuri, kwa upole, akasema anasikitika kama kuna utani uliopokelewa vibaya, kwamba wote ni familia moja, kwamba anathamini kazi yake. Kila sentensi yake ilikuwa imenyooka. Yeye, dada yule, alikuwa akitazama kikombe cha maji. Nikamuuliza kama ana la kuongeza. "Hapana, asante." Nikaandika kwenye daftari kuwa pande zote mbili zimekubaliana kuendeleza mazungumzo. Wiki tatu baadaye alileta barua ya kuacha kazi, mistari miwili, sababu binafsi.

Nilichokifanya nilikielewa pole pole, na kila nilipokielewa zaidi kiliniuma zaidi. Upatanishi unafaa pale ambapo kila upande unaweza kusema hapana bila kuadhibiwa. Mtu anayepangiwa zamu, kupimwa utendaji na kupitishiwa likizo na yule aliye ng'ambo ya meza hana hapana. Na unyanyasaji si kutoelewana. Kwa kumwita "tukae tuzungumze" nilikuwa nimemwambia, bila kulisema, kwamba pande zote mbili zina sehemu yao katika lile lililotokea. Kilichostahili pale kilikuwa malalamiko rasmi, uchunguzi wa mtu asiye wa idara ile, na kumlinda dhidi ya kisasi wakati uchunguzi unaendelea. Utaratibu ulikuwepo. Uliandikwa ukurasa wa 11 wa mwongozo uliokuwa kwenye droo yangu. Mimi nilikuwa na ujuzi wa kutuliza, na mwenye nyundo huona misumari tu.

Kwa miezi kadhaa sikulala vizuri. Nilijiandikisha kozi ya usuluhishi ya saa 40, jioni na mwisho wa wiki, nikailipia kutoka akiba yangu, nikatumia na likizo yangu ya mwaka humo. Sijutii. Ila nilikwenda nikidhani nitafundishwa kusuluhisha vizuri zaidi, na sehemu iliyonifaa kuliko zote ilikuwa ile ya kujua wakati wa kutosuluhisha.

Tangu hapo, mtu akiniletea mgogoro, kabla sijafikiria kikao chochote huwa najiuliza mambo haya. Je, mmoja wao anaweza kumwadhibu mwenzake kesho? Kuna sheria au kanuni iliyovunjwa, au ni tofauti za mtazamo? Nani mwingine anadhurika na hayupo chumbani? Na mimi hapa nimevaa kofia gani: msikilizaji, msuluhishi, mchunguzi, au mwamuzi? Kofia mbili kwa siku moja, kwa watu walewale, sivai tena. Ukishamsikiliza mtu kama rafiki, huwezi kumchunguza mwezi ujao kama mgeni.

Na kabla mtu hajafungua mdomo humwambia, "Yako mambo ambayo nikiyasikia sitaweza kuyanyamazia, kwa mfano mtu kudhuriwa au kunyanyaswa. Mengine nitayatunza. Kwa kujua hilo, ungependa kuanzia wapi?" Nilihofu watu wataogopa wakae kimya. Wachache walisita, wakauliza maswali, kisha wakasema. Walichohitaji ni kujua wanaingia wapi.

Mabadiliko mengine niliyoyafanya ni kuonana na kila upande peke yake kwanza, kila mara, hata kwa ugomvi wa kupanga likizo. Nilikuwa nikidhani kuwaweka watu pamoja ndiyo kipimo cha ujasiri wa msuluhishi. Kwenye kozi tulisoma kuhusu mazungumzo ya amani ya Camp David, Septemba 1978, siku 13 ambazo Rais Jimmy Carter wa Marekani alikaa na Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israel. Siku za mwanzo aliwakutanisha uso kwa uso, wakachanana. Baada ya hapo akaacha kuwakalisha wawili hao mezani, akawa yeye ndiye anayekwenda huku na huku na rasimu, anaiandika upya na kuirudisha. Nilipolisoma hilo nilijisikia nimepewa ruhusa. Peke yake mtu hukwambia anachokiogopa. Mbele ya mpinzani wake hukwambia anachokitaka tu.

Na anachokiogopa ndicho chenye ufunguo. Watu wawili wa bohari waliwahi kugombana kwa mwezi mzima kuhusu nani abaki na ufunguo wa chumba cha vifaa. Kwa kila mmoja peke yake niliuliza, "Ukiukosa huo ufunguo, kibaya kitakachotokea ni nini?" Mmoja aliogopa kulaumiwa kwa vitu vitakavyopotea. Mwenzake aliogopa kuonekana hana cheo mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Tuliweka daftari la kutia sahihi kila kinachotoka, na yule wa pili akapewa rasmi, kwa barua, kazi ya kuwafundisha wapya. Ufunguo ukabaki ulipokuwa. Hakuna aliyeuliza tena.

Miaka mitano nikawa hivyo: nasikiliza, sihukumu, sina upande. Nikahamia kusimamia miradi ya programu nikiwa na hakika kwamba sasa nimekomaa.

Mradi wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa na vita kati ya timu ya mauzo na waandaaji programu. Mauzo walikuwa wamemwahidi mteja mfumo kamili kwa tarehe fulani. Waandaaji programu walisema tarehe hiyo haiwezekani, labda miezi miwili zaidi. Ujumbe wa saa tano usiku ulikuwa unaruka kwenye kikundi cha kazi, wenye alama za mshangao, na asubuhi hakuna aliyemsalimu mwenzake. Nikafanya nilichokijua. Nikaonana na kila mmoja. Nikarudisha maneno yao. Nikaitisha kikao, kikazaa kikao. Kila aliyeuliza, "Sasa tunafanyaje?" nilimjibu, "Wewe unaonaje?"

Wiki ya nne, mwandaaji programu mmoja kijana, mpole kuliko wote, alibaki nyuma baada ya kikao. Akafunga kompyuta yake, akasema, "Bosi, tumekwambia yote. Umetusikiliza sana na tunashukuru. Lakini sisi hatuna mamlaka ya kuamua, unayo wewe. Unaposema sisi tuonaje, tunarudi kugombana."

Alikuwa amesema kweli tupu. Ofisi ya rasilimali watu sikuwa na haki ya kuwaamulia. Hapa niliajiriwa niamue. Kutokuwa na upande, ambako kule kulikuwa heshima kwao, hapa kulikuwa kuwaachia mzigo wangu. Wiki nne za watu 9 zilikuwa zimepotea, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kutafuta kazi kwingine.

Sikuamua papo hapo, lakini niliacha kuuliza wanaonaje. Niliwaomba mauzo waniunganishe na mteja, na nikamuuliza jambo moja: "Siku hiyo ya kwanza mfumo ukiwa tayari, saa tatu asubuhi, wewe binafsi utaufungua ufanye nini?" Akanyamaza kidogo. Akasema siku hiyo ana kikao cha bodi yake, na anahitaji kuwaonyesha ripoti moja ya mapato kwa kila tawi. Mengine yanaweza kufuata.

Ripoti moja. Waandaaji programu walisema inawezekana kwa wiki tatu. Niliandika uamuzi kwa jina langu, ukurasa mmoja: nini kinatoka lini, nini kimeahirishwa, na kwamba tarehe ikikosewa anayejibu ni mimi.

Mary Parker Follett, mwanamke aliyeandika kuhusu uongozi na migogoro miaka ya 1920, ana kisa kidogo ninachokipenda sana kwa jambo hili. Alikuwa kwenye chumba kidogo cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alitaka hewa, yeye hakutaka upepo umpige. Hawakugawana dirisha nusu kwa nusu. Sisi tulikuwa tumekaa wiki nne tukivutana kulifungua nusu, yaani kuahirisha mwezi mmoja badala ya miwili, jambo ambalo lisingemfaa mteja wala waandaaji programu.

Nilirudi wodini pia, kwa namna ya kukumbuka. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, na kimojawapo ni kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Tulikilalamikia kilipoanza, tukiona ni kupoteza muda. Kisha tukaona kwamba aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja husema upesi zaidi mambo yakienda kombo. Sasa naanza hivyo kila kikao ninachojua kitakuwa kigumu: jina, na jambo moja unaloliogopa kuhusu mradi huu. Watu wa mauzo walisikia kwa mara ya kwanza kwamba waandaaji programu wanaogopa kuamshwa usiku mfumo ukianguka. Waandaaji programu walisikia kwamba yule dada wa mauzo aliahidi tarehe ile kwa kuwa mteja alikuwa tayari kuondoka, na hakuwa na wa kumuuliza jioni ile.

Kama unahama kazi sasa hivi na unajiuliza useme nini kwenye usaili kuhusu ujuzi wako wa kusuluhisha, ushauri wangu ni huu: usiseme "nina uwezo wa kusuluhisha migogoro." Simulia mgogoro mmoja, pamoja na kosa lako ndani yake. Kisha uliza wewe: hapa kwenu watu wasipoelewana, nani huamua, na kwa muda gani? Jibu la swali hilo litakuonyesha mazoea gani uyaache mlangoni. Wodini muda ni dakika na anayeamua anajulikana. Kwenye simu muda ni wa mteja. Rasilimali watu kuna utaratibu ulioandikwa, usome kabla ya kumkaribisha mtu wa kwanza, hata kama una kurasa 80. Kwenye mradi kuna tarehe, na kuna mtu mmoja ambaye kimya chake kinagharimu. Mwezi wa kwanza sikiliza zaidi ya unavyosuluhisha, na utafute mtu wa ngazi ya chini atakayethubutu kukwambia umekosea. Mimi nilimpata kwa bahati, akiwa anafunga kompyuta.

Yule dada wa idara ya hesabu nilimwandikia barua mwaka jana. Ilinichukua rasimu nyingi kuondoa neno "kama." Niliandika kwamba alinijia na malalamiko, nikayafanya mazungumzo. Kwamba nilimwahidi siri ambayo sikuwa na haki ya kuiahidi. Kwamba alisema, "Wewe ukiona ni sawa," na sikuwa nimemuuliza yeye anaona nini. Niliandika pia kwamba, kabla sijaondoka ofisi ile, nilipeleka maelezo yangu kwa maandishi kwa waliopaswa kuyapokea, na kwamba nakala nimeiambatanisha, aitumie apendavyo au aitupe.

Nilimwambia halazimiki kunijibu. Hajajibu, na sitamwandikia tena.